MKUU WA CHUO NA MFUKO WA CHUO

Somo la redio kwa watu wazima

  Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, sogezeni viti karibu, na katibu wa kikundi awe na kalamu na daftari, maana mwisho wa somo kuna maswali ya kujadiliana.

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu hulisema pembeni, lakini mara chache hulisema barazani. Ni kazi ya nani kutafuta fedha za chuo? Je, ni ya serikali peke yake? Ni ya mhasibu? Ni ya kamati? Au ni ya mkuu wa chuo mwenyewe? Mimi nitasema ya kwamba mtu wa kwanza ni mkuu wa chuo, na nitatoa sababu. Kisha nitaeleza mipaka ya kazi hiyo, kwa kuwa mkuu asiyeijua mipaka aweza kukiuza chuo chake huku akidhani anakijenga.

Mifano yetu mingi itatoka Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwa sababu mji huo una vyuo vya kila namna. Kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho wengi hukiita SUA. Nje ya mji, upande wa barabara ya Iringa, kipo Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa. Kipo Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichoanza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO, ambayo serikali ya Rais Mkapa iliwapa Waislamu. Kipo Chuo Kikuu cha Jordan, kilichoanzishwa na mapadre Wasalvatoriani. Na kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Bigwa, kimoja cha vyuo vile vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Vyuo hivi havifanani. Lakini paa likivuja, swali huwa ni lile lile katika kila kimoja: fedha ya kuliziba itatoka wapi?

Kwanza tuyaweke maneno sawa. Katika chuo cha kawaida, mkuu wa chuo ndiye kiongozi wa kazi ya kila siku. Katika chuo kikuu mambo ni tofauti kidogo. Hapo Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima, ambaye huwatunuku wahitimu shahada zao, na anayeongoza kazi ya kila siku huitwa Makamu Mkuu wa Chuo. Katika somo hili, nikisema mkuu, nina maana ya yule mwenye kazi ya kila siku, yule ambaye mwalimu akikosa chaki humwendea yeye.

Sasa kwa nini kazi hii iwe yake? Mhasibu ni mtu wa lazima, lakini kazi yake ni kuzihesabu fedha zilizokwisha kuja. Mhasibu hawezi kumwahidi mtu ya kwamba mwakani kutakuwa na darasa la useremala, wala ya kwamba wasichana watapata bweni. Mwenye kuahidi hivyo ni mkuu, kwa sababu ndiye atakayeulizwa ahadi isipotimizwa. Mtu anayetoa fedha yake ataka kumwona uso yule atakayemjibu kesho. Kwa hiyo barua yenye muhuri haitoshi, na mjumbe hatoshi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tuone mfano mmoja kutoka nchi ya mbali. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, mwaka 1881 alifika kijana mmoja aitwaye Booker T. Washington, ambaye alizaliwa mtumwa. Alipewa kazi ya kuanzisha chuo cha watu weusi mahali paitwapo Tuskegee. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka, nazo zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Haikutoa senti moja ya kiwanja wala ya jengo. Alikopa fedha ili kulipia shamba lililoachwa. Kisha yeye na wanafunzi wake wakaanza kufyatua matofali. Tanuri la kwanza liliharibika, la pili likaharibika, na la tatu likaharibika. Washington akaweka rehani saa yake ili apate fedha ya kujaribu mara ya nne, na hapo matofali yakaiva. Baadaye alisafiri miji mingi ya kaskazini akiomba msaada. Tajiri Andrew Carnegie, alipoendewa mara ya kwanza, hakuonyesha hamu kubwa. Washington hakununa wala hakumsahau. Miaka ilipita, chuo kikaendelea kufanya kazi, na hatimaye Carnegie akatoa dola 20,000 za maktaba. Mwaka 1903 akatoa dola 600,000.

Lakini Washington mwenyewe, alipoandika habari za maisha yake, hakulisahau jambo dogo kuliko hilo. Alieleza habari za bibi kizee mmoja, aliyekuwa mtumwa zamani, ambaye alikuja na matambara yake na mkongojo wake, akatoa mayai sita kwa ajili ya chuo. Hakuwa na kitu kingine. Zingatieni jambo hili, ndugu zangu. Mayai sita yalitangulia dola laki sita. Tajiri hutoa pale anapoona ya kwamba wenye chuo wamekwisha kutoa.

Hili ndilo fundisho la kwanza: mkuu aanze nyumbani.

Hapa kwetu twaweza kuliona jambo hilo katika historia ya Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961. Mwingereza Joan Wicken, ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alifanya kazi ya kukichangia chuo hicho. Fedha ziliombwa ng'ambo, lakini wananchi wa Tanganyika nao waliombwa shilingi zao. Chuo kilichoanza hivyo kilikuwa na wenyewe tangu siku ya kwanza. Leo ndicho Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Vivyo hivyo Kenya: chuo cha ufundi cha Kimathi, huko Nyeri, kilianza mwaka 1972 kwa nguvu ya harambee, na wakulima wa kahawa walikuwa mbele katika kutoa. Leo ni chuo kikuu.

Fundisho la pili: mchango ni hiari, na hiari huja baada ya kuelewa. Watu wa Uluguru wanalijua jambo hili vizuri. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima ile. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, na aliyekataa aliadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito, na wengi hawakuona faida yake katika mavuno. Mwezi wa Julai 1955 kukatokea ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi, na mpango ule ukavunjika. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Lakini jambo jema likiletwa kwa amri, bila ya watu kuelezwa na bila ya kuulizwa, laweza kuchukiwa kama jambo baya.

Basi mkuu wa chuo, au mwenyekiti wa kamati, anayetaka kila kaya itoe kiasi fulani la sivyo mtoto wake asiandikishwe, huyo hachangishi. Anatoza kodi ambayo hakupewa mamlaka ya kuitoza. Atapata fedha mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili atapata milango iliyofungwa. Kuchangisha ni kueleza, kuulizwa maswali, kujibu, na kukubali ya kwamba mtu aweza kusema hapana na kesho mkasalimiana.

Fundisho la tatu: omba kwa ajili ya kitu kinachoonekana. Watu hawapendi kutia fedha katika shimo lisilo na jina. Chukueni mfano wa panya. Msicheke, ndugu zangu. Pale SUA tangu mwaka 2000 kuna shirika lililoanzishwa na Wabelgiji, liitwalo APOPO, ambalo hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa ugonjwa wa kifua kikuu. Panya mmoja, aitwaye Magawa, alizaliwa hapo Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, na huko akagundua zaidi ya mabomu na vitu vya mlipuko 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Alikufa mwaka 2022. Shirika hilo hupata fedha kwa njia nyingi, na njia moja ni hii: mtu aliye nchi ya mbali huchagua panya mmoja, akijua jina lake, akatoa fedha kidogo kila mwezi kwa matunzo yake, naye huletewa habari za kazi ya panya huyo. Sasa kama mtu wa Ulaya aweza kumtunza panya wa Morogoro kwa kuwa amelijua jina lake na kazi yake, je, mkuu wa chuo atashindwa kumweleza mfanyabiashara wa mjini ya kwamba cherehani kumi zitawafundisha wasichana wangapi, kwa muda gani, na kwa gharama gani?

Fundisho la nne lahusu wale waliokwisha kufaidika. Wasikilizaji wa Morogoro mnajua ya kwamba maji ya Mto Ruvu, ambayo sehemu kubwa ya Dar es Salaam huyanywa, yana vyanzo vyake vikubwa katika milima ya Uluguru. Mlima hutoa maji, nayo hushuka bondeni yakaenda zake. Anayefungua bomba Kariakoo hauoni mlima. Chuo ni kama mlima huo. Kila mwaka hutoa wahitimu, nao hushuka wakaenda zao: mabwana shamba, waganga wa mifugo, wahasibu, walimu, mafundi. Wengi hufika mbali, na wengine huwa wakubwa. Hawakukichukia chuo, ni vile tu hakuna aliyewaandikia. Mkuu mwenye busara huweka daftari la wahitimu, huwapelekea habari, na huwaalika siku ya mahafali. Wala asiwaandikie siku ya shida tu. Mtu anayeandikiwa siku ya kuombwa peke yake, akiiona bahasha huiacha mezani.

Sasa twafika kwenye mipaka. Kuna watu husema, na maneno yao yana uzito, ya kwamba mkuu wa chuo ni mwalimu, na kumpa bakuli la kuombea ni kumshushia heshima. Huongeza ya kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kutoifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, hasa fedha ya kuomba kwa wageni. Na mwaka ule ule Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zenyewe ziwe na mashamba na kuchangia gharama zake.

Mimi siyakatai maneno hayo. Nasema yanatuongoza katika kuchangisha kwenyewe. Tazameni Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini waliikimbia nchi yao. Chama chao cha ANC kilihitaji shule ya kuwasomesha. Tanzania ikawapa ardhi mwaka 1977, wakati mkuu wa mkoa wa Morogoro alikuwa Bibi Anna Abdallah. Ardhi yenyewe ilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Hapo wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana mwenzao aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Oliver Tambo, rais wa ANC, aliifungua rasmi mwezi wa Agosti 1985.

Fedha za Mazimbu zilitoka nchi nyingi: Sweden, Norway, Uholanzi na nyinginezo. Viongozi wa ANC walisafiri wakiomba. Lakini Mazimbu yenyewe haikukaa ikingoja meli. Palikuwa na shamba, palikuwa na mifugo, palikuwa na karakana ya samani, na wafanyakazi Watanzania na wageni walijenga bega kwa bega. Palikuwa pia na mgawanyo wa kazi. Mkuu wa shule alishughulikia masomo, na juu ya mahali pote palikuwa na mkurugenzi. Katika miaka ya 1980 mkurugenzi huyo alikuwa Mohammed Tikly. Mgawanyo huo una maana kubwa. Mahali palipo na wafadhili wengi pana wageni wengi, ripoti nyingi na barua nyingi, na kama mtu mmoja atayafanya yote, atakayeumia ni mwanafunzi darasani.

Kwa hiyo mpaka wa kwanza ni huu: mkuu aongoze kazi ya kuchangisha, lakini asiifanye peke yake. Aende yeye mahali panapotakiwa uso wake na ahadi yake. Kazi nyingine awape wengine. Mkuu ambaye miezi sita ya mwaka yuko safarini, atarudi na fedha na kukuta chuo kimekwisha kuwa kitu kingine.

Mpaka wa pili: mfadhili hatakiwi kuchagua yanayofundishwa. Aweza kusema, "Fedha hii ni ya maabara." Hilo ni haki yake, na chuo kinaweza kukubali au kukataa. Lakini akisema, "Mwalimu fulani aondoke," au "Somo fulani liachwe," hapo mkuu hapana budi kurudisha fedha. Jambo hili ni rahisi kulisema hapa redioni. Ni gumu sana kwa mtu ambaye mishahara ya vibarua wake haijalipwa miezi miwili. Ndiyo sababu inafaa baraza la chuo likae mapema na kuandika kanuni: fedha gani tutapokea, na fedha gani hatutapokea hata tukiwa na njaa. Kanuni iliyoandikwa siku ya shibe humsaidia mkuu siku ya njaa, maana ataweza kusema, "Si mimi ninayekataa, ni chuo."

Mpaka wa tatu: fedha ya mradi ina mwisho. SUA imesaidiwa na Norway kwa miaka mingi, tangu siku za masomo ya misitu katika miaka ya 1970. Mpango mmoja mkubwa ulianza mwaka 2005, na ulipofika mwaka 2010 ukakoma, kama miradi yote inavyokoma. Mkuu mwema huuliza tangu siku ya kwanza: fedha hii ikiisha, nini kitabaki? Gari hubaki miaka michache. Mwalimu aliyesomeshwa hubaki zaidi. Jengo imara hubaki zaidi ya wote, mradi kuwe na fungu la kulitunza. Mazimbu yathibitisha. Mwaka 1992, Afrika Kusini ilipokuwa inakaribia uhuru, ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania, nayo ikawa sehemu ya SUA. Leo vijana wa Kitanzania husoma katika kampasi ya Solomon Mahlangu, katika majengo ambayo fedha yake ilichangwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine.

Na sasa neno la hesabu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Vyuo vya umma hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hilo ni jambo jema. Lakini mama wa Kinole au Mgeta aliyetoa debe la maharage au mkungu wa ndizi hatasoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu. Yeye ataka kuona karatasi imebandikwa ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: tulipokea kiasi hiki, tulinunua mabati haya, tulilipa fundi hiki, kimebaki hiki. Debe lake liandikwe kama debe, pamoja na thamani yake, wala lisisahauliwe kwa sababu si noti. Na mkuu mwenyewe jina lake liwe la kwanza katika orodha ya waliotoa. Mkuu ambaye hakutoa hana mdomo wa kuomba.

Ndugu wasikilizaji, tujumlishe. Serikali ina wajibu wake, na hatuiondolei. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliyoanza kazi mwaka 2005, ina wajibu wake pia. Lakini kati ya fedha ya serikali na mahitaji ya chuo kuna pengo, na mtu wa kusimama katika pengo hilo ni mkuu wa chuo. Aanze nyumbani. Aombe kwa hiari. Ataje kitu kinachoonekana. Awakumbuke wahitimu. Asiache darasa. Asiuze maamuzi. Aangalie kitakachobaki. Na abandike hesabu ukutani.

Mkiwa na chuo karibu nanyi, hata kama ni kidogo, hata kama ni cha kufundisha ushonaji na uashi tu, nendeni mkamwulize mkuu wake ni kitu gani kimoja anachokihitaji mwaka huu. Akijibu mara moja, huyo ni mkuu wa kusaidiwa. Akishindwa kujibu, msaidieni kulifikiri swali lenyewe, maana huo nao ni mchango.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Je, katika kata yenu, mchango wa mwisho wa shule au wa chuo ulikuwa wa hiari au wa kulazimishwa? Watu waliupokeaje?

2. Kwa nini mpango wa matuta ya Uluguru ulivunjika mwaka 1955, ingawa udongo ulihitaji kuhifadhiwa kweli? Mkuu wa chuo ajifunze nini hapo?

3. Tajiri mmoja ataka kujenga bweni, kwa sharti kwamba ndugu yake afanywe mwalimu. Kikundi chenu ndicho baraza la chuo. Mtajibu nini, na mtamwandikia maneno gani?

4. Chagueni kitu kimoja ambacho chuo cha karibu yenu chahitaji. Andikeni bei yake, kazi yake, na majina ya watu watano wa kuwaendea kwanza. Nani ataongoza msafara?

Katibu aandike majibu ya kikundi katika daftari, na mengine myalete kwetu kwa barua.